Picha nyingi, macho machache

Picha zilianza kuingia baada tu ya saa tano asubuhi. Nilikuwa ofisini Upper Hill, hesabu za mteja zimetandazwa mezani, na simu ikawa inatetemeka bila kupumzika. Ilikuwa wiki ya kwanza ya kambi ya likizo, na kundi la WhatsApp la wazazi lilikuwa limejaa watoto: watoto wanaruka kamba, watoto wamepakwa rangi usoni, watoto wameshikana mikono chini ya miti mirefu ya msitu wa Karura, hapa Nairobi.

Nilifanya walichokuwa wakifanya wazazi wote wa kundi lile saa hiyo. Niliikuza kila picha kwa vidole viwili, nikawatafuta wangu.

Binti yangu wa Gredi ya 1 sikumtafuta sana. Yuko mbele, pengo la meno ya juu liko wazi, anacheka. Mdogo wake wa miaka minne ndiye hakuonekana. Nikarudi juu, nikazipitia upya. Nikaja kumwona kwenye ile picha ya wote kwa pamoja, nyuma kabisa, kwenye kona ya kushoto. Sweta ya manjano. Amechuchumaa ukingoni mwa kijito, amewapa wenzake mgongo, mkono ameunyoosha kuelekea majini.

Watoto wengine wote walikuwa wanatazama simu iliyowapiga picha. Walimu wawili waliosimama pembeni walikuwa wanatazama simu hiyohiyo. Wa tatu ndiye aliyeishika.

Yeye hakuwa na wa kumtazama.

Jioni nilimchukua akiwa mzima, viatu vimelowa, njaa inamuuma. Hakuna lililotokea. Nimejiambia hivyo mara nyingi tangu siku ile, na bado ile kona ya kushoto hainitoki akilini.

## Agosti bila nyanya

Kambi haikuwa desturi yetu. Likizo ya Agosti wanangu huenda kwa mama yangu, Wundanyi: treni hadi Voi, matatu ya kupanda milima, kisha siku nyingi za kufukuza kuku na kulala mapema. Mwaka huu mama alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na daktari akamkataza kuinama na kubeba vitu vizito. Dada anayetusaidia nyumbani alikuwa ameomba ruhusa mapema aende kwao Kakamega kwa harusi ya nduguye, na likizo yake ni haki yake.

Kuna jirani aliyenipa nambari ya mwalimu anayefundisha watoto wachache sebuleni kwake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza masomo ya likizo, na hata isingekataza, mtoto aliyemaliza muhula wa pili wa Gredi ya 1 anahitaji kitu kingine kabisa mwezi huo. Anahitaji kuchafuka.

Basi ikawa kambi. Matangazo yake huanza Julai, mengine yakiiita ya kiangazi kwa kufuata kalenda ya shule za kimataifa, ilhali Agosti ya Nairobi ni ukungu, sweta na pua zinazochuruzika. Tulichagua ya Karura kwa sababu watoto hurudi nyumbani jioni, na kwa sababu iko nje, kwenye miti.

## Maswali ya daftarini

Nilienda kumwona mkurugenzi nikiwa na maswali yangu kwenye daftari. Nayataja hapa kwa ajili ya wazazi watakaoanza Desemba.

Wanaokaa na watoto wana cheti cha tabia njema kutoka DCI, idara ya upelelezi wa jinai, na kilitolewa lini? Watoto wa chini ya miaka sita wako wangapi kwa mtu mzima mmoja? Nani huwapeleka chooni, na huenda nao peke yake? Nani amefunzwa huduma ya kwanza, na kila siku atakuwa kazini? Akija mtu mwingine kuwachukua, mtamjuaje?

Alijibu yote bila kukunja uso. Vyeti alivitoa, nikavisoma kimoja kimoja. Chooni ni watu wazima wawili, kila mara. Anayekuja kumchukua mtoto, jina lake na nambari ya kitambulisho vinaandikwa asubuhi. Akifika mjomba ambaye hakuandikwa, anasubiri langoni mpaka mzazi apigiwe simu. Nilitoka pale roho imetulia.

Swali la nani anapiga picha halikuwa kwenye daftari langu, na sijamsikia mzazi akiliuliza. Tangazo lenyewe liliahidi picha na video za kila siku, na ahadi hiyo ilitupendeza sote.

## Kocha

Kesho yake niliwahi kufika. Niliyekuwa namtafuta ni kijana anayesimamia kundi la wadogo, ambaye watoto humwita Kocha. Ni mtu ninayemheshimu. Siku ya kwanza mwanangu alipong'ang'ania goti langu, Kocha hakumvuta wala hakumrai. Aliketi kwenye nyasi zenye umande, suruali ikalowa, akaanza kumfunga kamba za viatu polepole huku akimuuliza kama anajua kima hula nini. Kufikia kiatu cha pili, goti langu lilikuwa huru.

Nilimwonyesha picha. Maneno makali nilikuwa nimeyapanga tangu usiku.

Aliitazama kwa muda.

"Mimi ndiye niliyeshika simu, mama," akasema. "Niliwahesabu kabla, nikawahesabu baadaye. Wote walikuwapo."

"Na hapo katikati?"

"Hapo katikati nilikuwa naangalia kama wote wanacheka."

Kisha akateremsha sauti. Picha zikichelewa hadi saa sita, akaniambia, simu ya mkurugenzi haipoi. Kuna mzazi aliyeandika kwamba amelipa pesa zake na hamwoni mwanawe akifanya lolote. Ndipo kila kocha akaagizwa apige picha za kundi lake na kuzituma kabla ya chakula cha mchana.

Ujumbe wa mzazi yule nilikuwa nimeusoma. Chini yake kulikuwa na msururu wa vidole gumba vya kuunga mkono.

Maneno yangu makali yakakosa pa kutua. Kijana huyu alitoa macho yake kwa watoto akayapeleka kwenye kioo kwa sababu sisi, tulio maofisini na sokoni na barabarani, tulimwomba afanye hivyo.

## Maji hayapigi kelele

Nashikilia jambo hili la kijito, na mume wangu amekwisha kuniambia nimelishikilia mno. Lakini mtoto mdogo akizama hapigi mayowe wala harushi mikono kama watu wanavyodhani. Mara nyingi huzama kimya, kwa dakika chache tu, na maji hayahitaji kuwa na kina kirefu. Shirika la Afya Duniani linasema viwango vya juu kabisa vya vifo vya kufa maji duniani viko kwa watoto wa mwaka mmoja hadi minne, wakifuatwa na wa mitano hadi tisa. Wangu wawili wako humo wote.

Kwa hiyo kuhesabu kabla na kuhesabu baadaye ni kuzuri, lakini hakutoshi. Kinachomlinda mtoto ukingoni mwa maji ni mtu mzima aliyemkazia macho, wakati huohuo, bila kazi nyingine mkononi.

Mume wangu alikuwa skauti, na alipiga kambi Rowallan akiwa mvulana. Ananiambia walipangwa wawili wawili. Filimbi ikilia, unamshika mwenzako mkono na kuuinua juu, na asiye na mwenzake anaonekana papo hapo. Nilimpa Kocha wazo hilo asubuhi ileile. Alilichukua, na tangu siku hiyo mwanangu anamtaja kila saa msichana mmoja kuwa ndiye "mkono wake".

## Barua moja kwa mwezi

Nilipomsimulia mama kwa simu, hakushtuka nilivyotarajia.

"Mwanangu, nyinyi mlipokuwa mkienda kwa bibi yenu Agosti nzima, mimi nilipata habari gani? Barua moja, tena wakati mwingine mlifika nyumbani kabla yake."

Ni kweli. Tulipandishwa basi usiku, kondakta akaambiwa hawa watoto ni wa fulani, akapewa pesa ya chai. Tulikaa mwezi mzima mtoni, mitini, kwa majirani. Hakuna aliyejua tulipo saa tano asubuhi, na jioni tulikuwapo.

Mtu anaweza kuishia hapo, akasema zamani watu waliaminiana. Nilikaribia kuishia hapo mimi pia. Lakini nikikumbuka vizuri, kule kijijini kila mtu mzima alitujua kwa jina na kwa jina la babu, na mtoto akionekana karibu na mto peke yake aliitwa na yeyote aliyekuwa anapita. Walimu wa kambini wamewajua wanangu tangu Jumatatu. Na tena, si kila lililotokea zamani lilisemwa. Kuna watoto waliotendewa maovu na watu waliojulikana sana, wakanyamaza, au waliposema wakanyamazishwa. Leo kuna nambari 116 ya kuwasaidia watoto, ya bure, na binti yangu anaijua kwa kichwa. Nimewafundisha wote wawili kwamba mtu mzima akiwaambia "usimwambie mama", hilo ndilo la kwanza kumwambia mama.

Kwa hiyo sitaki kurudi kwenye barua moja. Nataka kujua.

Ila wiki hizi nimekuwa nikijiuliza picha hunijulisha nini. Ile ya kona ya kushoto ilinifaa kwa bahati tu. Hakuna aliyekusudia niione kona hiyo. Zile zilizokusudiwa, watoto wote wanacheka, maana wameambiwa wacheke. Mtoto aliyesukumwa kwenye foleni ya choo hayumo. Aliyelia saa nne kwa sababu chapati yake ilianguka hayumo. Nilizitazama nyingi sana, na baada ya zote sikuwa najua lolote zaidi ya kwamba walikuwa hai na wamevaa sweta.

## Kamera ya 1999

Kilichonikwamua sikukitarajia.

Mwishoni mwa wiki ya kwanza binti yangu alirudi na swali. Wameambiwa kambini kuwa Karura iliokolewa na mwanamke. Aliiokoa vipi? Alikuwa na bunduki?

Nikamweleza kuhusu Profesa Wangari Maathai. Jinsi vipande vya msitu vilivyogawiwa watu binafsi ili wajenge nyumba, na jinsi yeye na wenzake walivyokuwa wakienda na miche. Tarehe 8 Januari 1999 walikwenda kupanda mti, wakakuta kundi la watu waliowekwa kulinda. Walipigwa. Profesa aliumizwa kichwani, wakaumia pia wabunge na waandishi wa habari waliokuwa naye.

"Na watu walijuaje?" akauliza.

Walijua kwa sababu kuna aliyepiga picha. Shambulio lilirekodiwa kwa video, likaonekana duniani kote, na hasira ikawa kubwa mpaka Agosti mwaka huohuo Rais Moi akatangaza kusimamisha ugawaji wa ardhi ya umma. Njia ambazo wanangu wanapita leo wakitafuta vipepeo zingekuwa mageti na kuta.

Nilimaliza kusimulia nikabaki nimekaa. Nilikuwa nimeanza kuiona kamera kama adui, na hapa kamera ilikuwa imesaidia kuuokoa msitu wenyewe. Lakini aliyerekodi siku ile hakuwa na watoto wadogo wa kuchunga karibu na maji huku anarekodi. Kazi yake ilikuwa moja. Kwa Kocha tulikuwa tumezifunga kazi mbili pamoja, na kila moja inahitaji macho yote.

## Mama wa Doha

Usiku ule niliandika kwenye kundi. Sikumtaja Kocha wala sikutuma ile picha. Niliomba mambo mawili: makocha wasishike simu wakiwa na watoto, na badala ya picha za mchana tutumiwe ujumbe mfupi kwamba watoto wamehesabiwa na wote wapo.

Wachache walikubali. Wengine walinyamaza. Baba mmoja aliandika kwamba asiyetaka picha asizifungue, na nadhani alisema kwa niaba ya wengi.

Kisha ikaja sauti, faraghani, kutoka kwa mwanamke nisiyemjua. Anafanya kazi Doha. Mwanawe wa miaka mitano anaishi na dada yake Kasarani, na ni yeye anayelipa kambi. "Wewe utamchukua wako jioni," alisema, na nyuma ya sauti yake kulikuwa na mlio wa vyombo vinavyooshwa. "Utamnusa nguo, utajua amecheza. Mimi sijamgusa tangu alipokuwa na miaka mitatu. Hizo picha ndizo jioni yangu. Tafadhali, dada, usizifunge."

Niliisikiliza tena jikoni, peke yangu.

Sikuwa na jibu la kumpa usiku huo. Yale niliyoyaona ziada, kwake ndiyo yote. Na mwanawe, nilipowaza, alikuwa katika kundi lilelile, kando ya kijito kilekile, na mtu aliyekuwa akimpigia picha za kumpelekea mamake ndiye huyohuyo aliyetakiwa kumwona asiteleze.

Asubuhi nilimpigia mkurugenzi, nikamweleza yote mawili kwa uzito mmoja. Alikuwa na mpwa wake, mwanafunzi wa chuo, aliyekuwa akisaidia kugawa chakula. Huyo ndiye akawa mpiga picha. Hahesabiwi kati ya walezi, hakabidhiwi mtoto, na anatuma picha saa kumi na moja, watoto wakishaondoka. Simu za makocha zinakaa kwenye begi la huduma ya kwanza. Moja tu iko wazi kwa dharura. Mama wa Doha aliomba video moja kwa wiki, mwanawe akisema chochote atakacho, na akapewa.

Jambo jingine lilitatuliwa palepale. Baadhi ya picha zilikuwa zinapandishwa kwenye ukurasa wa kambi kama matangazo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi, na Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila ridhaa hiyo. Mkurugenzi aliondoa zote siku hiyohiyo, akatuletea fomu. Yangu nimeandika hapana.

## Chapati ya Kocha

Wiki iliyofuata ilikuwa ngumu kwangu kuliko kwa wanangu. Saa tano ikifika, mkono ulikuwa unakwenda kwenye simu wenyewe. Ujumbe unasema: "Wote wapo." Basi. Kuna siku nilitaka kumpigia Kocha kwa kisingizio cha koti la mvua.

Lakini jioni zilibadilika. Zile za kwanza nilikuwa nawapokea na habari zao mkononi: nimeona mmeruka kamba, nimeona mmepaka rangi, ilikuwaje? Nao hujibu "vizuri", wakaomba maji. Habari nilikuwa nimekwisha kuipata. Wao walikuwa na nini cha kuongeza?

Sasa sikujua chochote, na kwenye msongamano wa Kiambu Road mwanangu akaanza mwenyewe. Kuna kima. Kima alikuja nyuma ya Kocha. Kocha alikuwa anaongea hivi, na chapati iko hivi. Alinionyesha mkono ulivyoshika chapati, akanionyesha kima alivyotembea, akafungua mkanda wa gari ili anionyeshe alivyoruka, nikamwambia afunge. Dada yake akamsahihisha kwamba kima walikuwa wawili. Wakabishana mpaka Muthaiga. Katikati ya ubishi huo, kama kitu kidogo tu, akasema kuna mvulana mkubwa anayemwita "kababy" na hapendi.

Hilo nilimpelekea Kocha kesho yake, na likaisha. Sidhani ningelipata kwenye picha yoyote.

## Desemba

Macho ya mama yamepona na Krismasi watakuwa Wundanyi. Kabla ya hapo kuna majuma ya katikati, na kambi yetu ya Agosti haifanyiki Desemba, kwa hiyo imenibidi kutafuta nyingine. Maswali ya daftarini ni yaleyale, ila sasa naanza na hili: watoto wakiwa nje, nani ameshika simu?

Kambi moja ilinijibu kwa furaha kwamba kila mwalimu ana simu yake na nitaona kila kitu wakati wote. Niliwashukuru.

Nyingine ilijibu kwamba simu za walezi hukusanywa asubuhi, isipokuwa ya msimamizi, na kwamba picha hupigwa na mtu asiye na kundi. Mwanamke aliyejibu aliongeza, bila mimi kuuliza, kwamba wana bwawa la kuogelea na mlinzi wa bwawa hafanyi kazi nyingine. Nilimuuliza vyeti, akanikaribisha Jumamosi nije nivione. Nitakwenda na wanangu wote wawili, wakaangalie wenyewe.